Kichwa Kilichouza Nguo za Mama

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kunitembelea na mifuko mikubwa mitupu, akafungua kabati langu bila hata kuniuliza, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirusha kitandani.

"Mama, hii huvai. Hii pia huvai. Hii hata haikutoshi tena, usinidanganye. Siku hizi watu wanazipiga picha, wanaziweka kwenye simu, zinanunuliwa siku hiyohiyo. Kabati linapata nafasi, na wewe unapata hela kidogo ya vocha."

Harufu ya vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo ikatoka kabatini ikanifikia pale nilipokaa. Nikamwambia azirudishe. Akadhani natania, akaendelea kukunja. Nikamnyang'anya gauni alilokuwa nalo mkononi, likachanika kwapani, na binti yangu, mwanamke mzima mwenye watoto wake, akarudi nyuma kama vile nataka kumpiga. Hakuuliza kitu, nami sikumweleza. Ninyi wa rika langu nitawaeleza, maana ninyi sihitaji kuwafundisha foleni ya khanga ilikuwaje.

Mnakumbuka. Duka la ushirika lilikuwa na rafu ndefu, na juu yake hakuna kitu ila majembe na vumbi. Siku uvumi ulipoenea kwamba khanga zimefika, wanawake walitoka migombani mbio, mwingine na unga bado mikononi. Nilimwona kwa macho yangu mke wa katekista akivutana na mke wa mwalimu, doti moja, mpaka ikapasuka katikati, na kila mmoja akaenda kwake na kipande chake akimshukuru Mungu. Wanaume walivaa suruali ambazo kiraka kilikuwa kimeshonewa juu ya kiraka. Wenye ujasiri walinunua kafa ulaya, zile nguo kuukuu za Wazungu zilizovushwa kwa magendo kutoka Kenya kupitia Rombo, ambazo kila mtu aliamini zilivuliwa maiti. Walizichemsha, wakazianika, wengine wakazinyunyizia maji ya baraka, halafu wakazivaa Jumapili wakaimba kuliko wote.

Katika wakati kama huo, mama yangu alikuwa na sanduku limejaa.

Kabla ya kuolewa alikuwa yaya katika nyumba ya familia moja ya Kihindu pale Moshi mjini, watu wa duka la vitambaa. Walipohamia Kanada, mama mwenye nyumba alimwachia nguo ambazo hakuweza kuzibeba: magauni ya krimplini yasiyohitaji pasi, blauzi laini, sweta za sufu, na vipande vya kitambaa ambavyo mama alivishona mwenyewe kwa mkono. Vyote vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mama alikuwa mtu wa Mkuu, Rombo, akaolewa kwetu Kibosho mbali na ndugu zake, na lile sanduku lilijulikana kijijini kabla yeye mwenyewe hajajulikana. Wanawake walikuja kumsalimia huku macho yao yakienda uvunguni. Harufu ya vidonge ilimfuata hata alipokuwa akichuma kahawa, na mimi, nikiwa mdogo, niliamini hiyo ndiyo harufu ambayo kila mama anazaliwa nayo.

Aliyelipenda sanduku hilo kuliko wote, na kumchukia mwenye nalo kuliko wote, alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameachika zamani, akarudi kukaa katika nyumba ndogo ndani ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, nyuma ya zizi. Mama alipika, shangazi alionja na kutema. Hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita "yule wa Rombo". Mimi nilikuwa mtoto pekee, tena wa kike, na hilo shangazi alihakikisha kila mgeni analisikia kabla hajamaliza kibuyu cha kwanza cha pombe ya mbege. Baba alikuwa dereva wa lori la kahawa, akija nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni, na neno lake kubwa lilikuwa "Dada ndiye anayejua mambo ya nyumbani."

Kisha mama akaanza kukohoa. Alikohoa msimu mzima wa mvua, akakonda, akatema damu kwenye majani ya mgomba na kuyafunika na udongo nisione. Wakasema apelekwe hospitali ya kifua, upande mwingine wa mlima, ambako watu walidungwa sindano kwa miezi mingi na watoto hawakuruhusiwa hata kufika getini.

Asubuhi ya kuondoka alifunga kifurushi kidogo tu. Nilimwuliza mbona haendi na sanduku. Akalisukuma ndani zaidi ya uvungu kwa mguu wake, akaniinamia.

"Sanduku linabaki, mwanangu. Mwanamke akiacha nguo zake ndani, bado yumo ndani. Akiuliza mtu, mwambie mama yumo."

Hilo halikuwa neno lake peke yake. Kwetu hata mtoto alilijua. Mke aliyegombana na mumewe akaenda kwao mikono mitupu, kila mtu alisema atarudi, na hata akikaa mwaka, nyumba ilikuwa bado yake. Aliyeonekana na sanduku kichwani hakusubiriwa. Wazee wa ukoo wakikaa kusuluhisha, swali la kwanza halikuwa nani kamkosea nani. Waliuliza nguo zake ziko wapi.

Kwa hiyo mnaona shangazi alijua vizuri anachofanya. Mimi ndiye sikujua.

Hakukawia. Siku moja aliingia, akalivuta sanduku mpaka mlangoni penye mwanga, akaanza kuchambua nguo kama mtu anayechambua maharage. Zile nzuri zaidi alizipima kwanza mwilini mwake. Hazikumtosha, alikuwa mwanamke mpana. Nadhani hilo nalo lilimuuma.

"Shangazi, hizo ni za mama," nikasema.

"Nani amesema si za mama yako? Hebu njoo hapa. Unajua kule hospitali wanakula nini? Maziwa, mayai na nyama, kila siku ya Mungu, ili kifua kizibe. Mama yako atarudi mnene hata mlangoni apite kwa ubavu. Sasa nguo hizi za kikondefu ataziingiaje? Zinakaa tu zinaliwa na nondo. Tunaziuza, tunapata hela kidogo ya sukari na mafuta ya taa, na akirudi anashonewa nyingine za saizi yake."

Nikafurahi. Nikamwona mama mnene anapita mlangoni kwa ubavu, nikacheka peke yangu. Mtoto ukimpa jambo zuri la kuamini, hakupi shida.

Halafu akaninyoa. Alinikalisha kwenye kigoda, akaninyoa kwa wembe, kichwa chote, mpaka kikang'aa. Nikamwambia sina chawa. Akasema mwenye chawa huwa haoni chawa wake. Akanivalisha gauni lililochanika begani wakati nilikuwa na zima, akisema huko tunakokwenda kuna vumbi. Akaniongezea sharti la mwisho: mtoto anayeropoka sokoni anafukuza wateja, kwa hiyo nisiseme kitu, na mtu akiniuliza habari za mama, niangalie chini.

Hatukwenda soko letu. Tulishuka hadi barabara kubwa tukapanda basi mpaka Kwa Sadala, upande wa Hai, ambako hakuna mtu aliyetujua. Tukapata nafasi karibu na wauza vitunguu. Shangazi akatandika kitenge chini, akapanga nguo za mama. Wauzaji wengine walipiga kelele mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Yeye hakuita mtu. Alikaa chini akanyoosha miguu, mikono juu ya mapaja, akapumua kwa nguvu kila baada ya muda. Sikuwahi kumwona hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa kufokea hata kuku.

Wakaja wanawake. Waliziangalia nguo kwanza, macho yakang'aa kwa tamaa. Kisha wakanitazama mimi, kichwa changu, na sura zao zikabadilika.

"Oo, mae! Ni wa nani huyu?" akauliza mmoja.

Shangazi akashusha sauti. "Wifi yangu. Uzazi. Amekwenda na mtoto tumboni. Huyu ndiye aliyebaki."

Ninyi mmeelewa. Mimi nilisikia uzazi, nikasikia mtoto, nikasikia mama amekwenda, na kweli alikuwa amekwenda, hospitali. Nikaunganisha mambo yangu: kumbe mama hakwenda kutibiwa kifua tu, kumbe atarudi na mdogo wangu! Ndiyo maana atakuwa mnene. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Shangazi akanifinya paja chini ya gauni, na kucha zake zilikuwa ndefu, nikaangalia chini machozi yakinitoka. Yule mwanamke alipoyaona machozi hayo alinunua blauzi mbili bila kushusha bei.

Wote walikuwa hivyo. Hakuna aliyebishana bei, na mnawajua wanawake wa kwetu kwa bei. Walitoa hela kwa mikono miwili. Walinipa ndizi mbivu, kipande cha muwa, karanga. Mama mmoja mtu mzima alipiga magoti vumbini akanibusu utosini, kwenye kichwa kitupu, na machozi yake yakanitiririkia mpaka shingoni. Niliamini watu wa Hai wanapenda watoto kuliko sisi wa Kibosho. Niliamini pia kwamba kichwa changu kina umbo zuri sana na kwetu hawajui tu kukithamini. Kwa muda mrefu wa utoto wangu hicho ndicho kitu pekee mwilini mwangu nilichojivunia.

Kwetu kichwa cha mtoto hunyolewa hivyo anapofiwa na mzazi, baada ya maziko, na ukoo wote unakaa kugawana nguo za marehemu. Niliwahi kuona watoto wa jirani wakinyolewa. Lakini wao walikuwa wamelia kwanza, kulikuwa na jeneza na padri na ng'ombe aliyechinjwa. Sikuwa na sababu ya kujifananisha nao. Mimi nilikuwa na chawa.

Siku moja mgambo alitufikia. Siku hizo walisaka magendo kila soko, na nguo nzuri zikionekana zimepangwa chini, moja kwa moja ni za Kenya. Akapiga kitenge chetu kwa fimbo.

"Mama, hizi umezivusha wapi? Kusanya twende."

Shangazi hakusimama. Alinishika kichwa kwa kiganja, akakigeuza kuelekea kwa yule mgambo, kama anavyogeuziwa mteja tikiti maji.

"Zimevuka kutoka mwilini mwa mama yake huyu, afande. Kama ni magendo, mpeleke mtoto."

Mgambo alivua kofia. Alikuwa kijana tu. Akasema, "Pole, mama. Pole, mdogo wangu," akatuondokea, kisha akarudi na kumnunulia mke wake sketi. Mwuza vitunguu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, akamwambia shangazi kwamba yeye asingethubutu kuvaa nguo ya marehemu asiye wa ukoo wake. Shangazi akamjibu bila hata kumtazama: "Kafa ulaya umevaa hilo. Maiti ya Mzungu usiyemjua umeibeba mgongoni, ya kwetu ndiyo unaiogopa?" Watu wakacheka. Mwuza vitunguu naye akacheka. Jioni akachukua kilemba.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miezi. Nywele zilipochomoza, wembe ulitoka. Kijijini watu wakiuliza, shangazi alisema chawa. Kwa Sadala alisema kifo. Kichwa ni kimoja, alikuwa akikipandisha mlimani na hadithi moja na kukishusha na nyingine, na hakuwahi kuzichanganya. Alirudi na sukari, mafuta ya taa, wakati mwingine nyama ya kichwa. Alijinunulia raba. Mimi nilipata andazi, nikalila taratibu ndani ya basi ili lifike mpaka Kibosho. Nyumbani harufu ya mama ilipungua. Niliingiza kichwa sandukuni kuitafuta, na kila mara ilinibidi niingie ndani zaidi, mpaka siku moja nikagusa bati.

"Zimekwisha, shangazi."

"Vizuri," akasema. "Sasa nyumba ina nafasi."

Wiki hiyohiyo alikuja msichana mmoja wa kutusaidia kukamua ng'ombe, mpole, mwenye makalio ya kuzaa, kama alivyosema shangazi. Alilala katika nyumba ya mama.

Mama alirudi wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nacheza karibu na mfereji nikaona mwanamke anakuja kati ya migomba, polepole, amevaa gauni la kijivu la hospitali na sweta ya buluu iliyofumwa kwa mkono. Hakuwa mnene. Hakuwa na mtoto mgongoni. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama ghafla. Alikuwa akinitazama kichwani, na mkono wake ulikuwa umepanda mdomoni.

"Nani amekufa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yako? Niambie. Ni baba yako?"

"Ni chawa," nikasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

Shangazi akatokea nyuma ya zizi akiwa na ndoo. Akasimama. Kama alishtuka hakuonyesha. Alimwangalia mama kuanzia miguuni mpaka juu, akaweka ndoo chini.

"Umeuliza nani amekufa?" akasema. "Ni wewe. Kwa Sadala walikulilia vizuri sana, usiwe na wasiwasi."

Mama aliingia ndani. Nilisikia sanduku likivutwa, likisugua sakafu, sauti nyepesi ya bati tupu. Sikusikia kilio. Alitoka akakaa kwenye kigoda kilekile nilichonyolewa, akaniweka mapajani, mimi mtoto mkubwa, akanipapasa kichwa mpaka jua likashuka. Alinukia dawa ya hospitali. Nikakasirika, nikamwambia hanukii kama mama. Alisema, "Najua."

Baba aliporudi na lori, wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa uani chini ya migomba, mbege ikazunguka. Mama alisema amepona, daktari amethibitisha, na anaomba kukaa kwake na kumlea mtoto wake. Mzee mkubwa, babu yake baba, mtu ambaye aliwahi kunipa ndizi, akauliza swali lake.

"Nguo zake ziko wapi?"

Shangazi mwenyewe ndiye aliyelileta sanduku. Alilifungua mbele ya wote, akaliinamisha ili hata waliokaa mbali waone.

"Ziliuzwa," mama akasema. "Muulizeni aliyeziuza. Mimi nilikuwa kitandani hospitali."

"Ziliuzwa kumlisha mtoto wake!" shangazi akajibu. "Angekula nini? Kikohozi?"

Mzee akainua mkono. "Mke wetu, hatukuulizi nani alizitoa. Tunauliza zimo au hazimo."

Nilimwangalia baba. Alikuwa akisafisha kucha za mkono wa kushoto kwa kijiti, anahangaika na kidole gumba kana kwamba ukoo mzima umekutana kwa ajili ya kidole hicho.

"Hazimo," mama akasema.

"Baba mtoto?" mzee akamgeukia baba.

"Dada ndiye anayejua mambo ya nyumbani," baba akasema. Msichana wa kukamua ng'ombe alikuwa amesimama mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kwamba tumbo lake limeanza kutokeza. Basi mtoto alikuwapo. Nilikuwa nimemtafuta upande usio wake.

Kesho yake mama alifanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Alikwenda kwenye ua wa kihamba, akakata isale. Mnalijua jani hilo. Kwetu akikuletea mtu isale kuomba msamaha, hata kama alikuchomea nyumba, hukatai. Hakuna anayekataa. Mama hakuwa amemkosea shangazi kitu. Alikuwa akicheza karata pekee aliyobakiza. Akapiga magoti mbele ya mlango wa ile nyumba ndogo nyuma ya zizi, akaliweka jani chini.

"Wifi, nisamehe kwa lolote. Niache nikae hata jikoni, nimlee mwanangu."

Shangazi aliliokota. Mila aliiheshimu, nampa haki yake. Akaligeuzageuza mkononi, akalikunja fundo kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," akasema. "Nimekusamehe kabisa, sina kinyongo. Sasa nenda, basi la Rombo lisikuache."

Alimsamehe mama kwa kosa la kupona. Nimezeeka sasa, nimeona watu wabaya wa kila namna, waliosoma na wasiosoma, na bado sijamwona aliyeweza kukubali isale na kumfukuza aliyelileta kwa pumzi ileile. Shangazi alipofariki nilikwenda kumzika kwa sababu watu wangesema. Nguo zake zilipogawiwa sikunyoosha mkono, na nililala vizuri usiku huo. Wapo watakaosema niliuza nguo za mama yangu mwenyewe kwa kichwa changu. Sina la kutubu. Wembe ulikuwa mkononi mwake.

Watoto ni wa ukoo, kwa hiyo mimi nilibaki. Siku mama alipoondoka kulikuwa na baridi, ukungu umeshuka mlimani mpaka kwenye paa. Mama aliivua ile sweta ya buluu, ambayo sista mmoja wa hospitali alimfumia, akanivalisha. Mikono ilining'inia kupita vidole. Akaikunja mara kadhaa, akanifunga kifungo cha juu, akaenda na gauni lake la kijivu bila kitu kingine mwilini cha kumkinga na baridi. Hakugeuka nyuma. Nilimwona tena nikiwa msichana wa sekondari, kwao Mkuu, ana mume mwingine na watoto wengine. Tulipeana mikono.

Siku ya soko ilipofika shangazi alininyoa tena, na safari hii hakutaja chawa. Nguo za mama zilikuwa zimekwisha, lakini mambo yale yalikuwa yamemnogea. Alichambua kabati lake mwenyewe, akatoa matambara yake asiyoyataka, vitenge vilivyopauka, blauzi zenye jasho la miaka, akayapakia kwenye sanduku la mama. Sanduku nalo lilikuwa la kuuzwa.

Tulipofika Kwa Sadala sikuhitaji kuambiwa niangalie chini. Nilikaa karibu na vitunguu nikalia. Sikulia kwa kufinywa. Nililia mpaka nikashindwa kupumua, nikalia kwa sauti kama nilivyowasikia watoto wa jirani wakilia siku ya jeneza lao, na soko lote likageuka. Wanawake walituzunguka. Walinunua matambara ya shangazi bila hata kuyakunjua, wengine waliacha hela na hawakuchukua kitu. Sanduku lilikwenda. Hata gunia tulilofungia mzigo lilikwenda. Shangazi aliniangalia kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba anaridhika na mimi.

"Leo umefanya kazi," akaninong'oneza.

Tulikuwa tunakung'uta kitenge tuondoke, akafika mwanamke mmoja mbio, amechelewa, mtoto mchanga mgongoni. Akaona hakuna kitu kilichobaki chini. Kisha akaniona mimi.

"Na hiyo sweta aliyovaa?"

"Hiyo pia ni ya mama yake," shangazi akasema.

Akanifungua kifungo cha juu. Akanigeukia na sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia kwake nyumbani, sauti ya shangazi anayempenda yatima wake, kwa ajili ya mteja.

"Inua mikono, mwanangu," akasema.

Nikainua.